Kutoka benchi la kwaya hadi kompyuta: Mwimbaji wa Injili anavyopanda, na fedha zinakokwenda

MPINGO unaovunwa katika misitu ya Wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi, huishia mbali na nyumbani. Ukishachanwa vipande vifupi na ncha zake kupakwa nta ili visipasuke njiani, husafirishwa hadi Ulaya, ambako viwanda kama Buffet Crampon cha Ufaransa huuchonga kuwa klarineti na obo zinazopigwa katika kumbi kubwa za muziki. Mti mmoja huhitaji takriban miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Likawage, kata iliyo bara ya Kilwa, mbali na magofu ya Kilwa Kisiwani yanayofuatwa na watalii, imo katika ukanda huo wa miombo na mpingo.

Hata hivyo, kijana wa Likawage anayetaka kuimba hahitaji klarineti. Muziki anaousikia kila siku ni wa kinanda cha umeme, gitaa la besi na ngoma zilizotengenezwa ndani ya kompyuta, nao humfikia kupitia redio au simu ya mkononi. Sehemu kubwa ya muziki huo, kwa zaidi ya miongo miwili sasa, imekuwa ya Injili. Nyimbo hizo hupigwa ndani ya mabasi, kwenye migahawa, harusini na misibani, hata katika nyumba ambazo wenyeji wake si Wakristo.

Jambo linalostahili kufafanuliwa ni namna mwimbaji mmoja asiye na mtaji, kutoka mji ulio mbali na studio kubwa, anavyoweza kufika kwenye masikio ya nchi nzima. Na anapofika huko, ni nani hasa anayelipwa. Majibu ya maswali hayo mawili hayalingani, na tofauti iliyopo kati yake imewaumiza wengi.

Pwani ya dufu na maulidi

Kilwa si mahali ambapo mtu angetarajia kuanzia habari za kwaya. Ni pwani ya msikiti mkongwe, ya dufu na maulidi. Wamisionari wa Kianglikana walipoingia kusini mwaka 1876 walikwenda kukaa Masasi. Wabenediktini waliofuata walijenga Lukuledi, kisha Ndanda na Nyangao, huku bara ya Kilwa na Liwale ikiwa njia yao ya kupita tu. Katika Vita ya Majimaji, iliyoanza Julai 1905 huko Nandete kwenye vilima vya Umatumbi, Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa Mikukuyumbu, upande wa Liwale, tarehe 14 Agosti mwaka huo.

Ndiyo maana desturi ya kwaya za makanisa, yenye sauti nne na vitabu vya nyimbo, ilishika mizizi zaidi Masasi na Ndanda kuliko Kilwa. Wimbo wa Injili ulipoanza kusikika kwa wingi katika vijiji vya wilaya hiyo, haukuletwa na mhubiri. Uliletwa na redio na kanda za kaseti.

Redio ilianza mapema. Mwaka 1963 Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifungua Redio Sauti ya Injili mjini Addis Ababa, Ethiopia, na vipindi vyake vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi. Kituo hicho kilidumu hadi mwaka 1977, serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipokitaifisha. Hapa nchini, Redio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi kwaya kama ilivyozirekodi bendi za dansi na vikundi vya taarabu, na kwa miaka mingi haikuwapo njia nyingine ya kurekodi iliyo ya uhakika. Kwaya ilipanda gari, ikaenda Dar es Salaam, ikasubiri zamu, ikaimba mara moja au mbili, ikarudi nyumbani. Malipo hayakuwa ajenda. Kusikika kulitosha.

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliporuhusu vituo binafsi, na studio binafsi zikaanza kufunguliwa jijini, mambo yalibadilika. Kwaya kama Uinjilisti Kijitonyama ya Dar es Salaam na Barabara ya 13 ya Ulyankulu, Tabora, mahali palipofunguliwa makazi ya wakimbizi wa Burundi mwaka 1972, zilipata wasikilizaji ambao hawakuwahi kukanyaga makanisa yao. Bado lakini zilikuwa kwaya. Jina lililoandikwa kwenye jalada la kaseti lilikuwa la kundi, na mwimbaji aliyeongoza alijulikana kwa sauti tu.

Rose Muhando na kuanza kwa jina moja

Aliyelivunja benchi la kwaya ni Rose Muhando. Alizaliwa mwaka 1976 Dumila, wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, katika familia ya Kiislamu. Amesimulia mara nyingi kwamba akiwa mtoto wa miaka tisa aliugua kwa muda mrefu na kwamba kupona kwake ndiko kulikomfanya abadili dini. Alifundisha kwaya katika Kanisa Anglikana mkoani Dodoma kabla ya kutoka na albamu yake ya Mteule Uwe Macho mwaka 2004.

Januari 2005 alitunukiwa tuzo za muziki wa Injili za Tanzania kwa mwaka uliotangulia: mtunzi bora, mwimbaji bora na albamu bora. Zikafuata albamu za Kitimutimu na Jipange Sawasawa. Waliomwona jukwaani watakumbuka jinsi alivyocheza. Kwa mara ya kwanza mwimbaji wa Injili alionekana akitumia nguvu ileile ya wanamuziki wa dansi, na mapigo yake yalikuwa na mwendo wa ngoma za Kigogo na za pwani kuliko wa nyimbo za vitabuni. Wachungaji wengine walinung'unika, lakini watu walinunua.

Tarehe 9 Februari 2011 ilitangazwa jijini Dar es Salaam kwamba amesaini mkataba wa albamu kadhaa na kampuni ya Sony Music. Kwa mwimbaji wa Injili wa Afrika Mashariki lilikuwa jambo lisilo la kawaida, na magazeti yaliliandika kama ushindi wa taifa.

Miaka saba baadaye picha ilikuwa nyingine. Novemba 2018 ilisambaa video ikimwonyesha, amedhoofika, akiombewa na mhubiri mmoja nchini Kenya. Mamilioni waliokuwa wakizifahamu nyimbo zake kwa moyo walishangaa mtu mwenye jina kama hilo anawezaje kufikia hali ile. Mwaka 2019 alirejea jukwaani na ameendelea kuimba. Haifai kwa mtu wa nje kudai anajua yote yaliyompata. Hata hivyo, swali walilouliza watu wakati ule, kwamba fedha za nyimbo zile zote zilikwenda wapi, lina jibu lisilomhusu yeye peke yake.

Kaseti ziliuzwa, hesabu haikuwapo

Katika miaka ya kaseti na CD, biashara ya muziki Tanzania iliendeshwa na wasambazaji wachache wenye maduka Kariakoo. Mwimbaji alifika na kazi iliyokamilika, ambayo mara nyingi aliilipia studio kwa mchango wa waumini au mkopo wa ndugu. Msambazaji aliisikiliza, akataja bei. Mara nyingi malipo yalikuwa ya mkupuo mmoja: mwimbaji akachukua fedha, msambazaji akachukua kazi. Baada ya hapo zikachapwa kaseti ngapi, zikauzwa mikoa gani, ilikuwa siri ya mwenye mashine.

Hata pale mkataba uliposema mwimbaji atalipwa kwa kila kaseti, hakuwa na njia ya kuzihesabu. Nyuma ya msambazaji halali kulikuwa na mwizi wa kazi za sanaa aliyedurufu kaseti hizo na kuziuza kwa bei ya chini. Mkapa alipofungua daraja la Mto Rufiji mwaka 2003, barabara ya kusini ilirahisisha safari ya bidhaa zote kutoka Dar es Salaam, kaseti halali na bandia kwa pamoja.

Serikali ilijaribu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 ilianzisha COSOTA, chombo cha kusimamia haki za watunzi. Mwaka 2013 zikaja stempu za kodi za kubandikwa kwenye kazi za muziki na filamu, ili nakala halali itofautishwe na ya wizi. Wazo lilikuwa zuri, lakini lilichelewa. Stempu hubandikwa kwenye kitu kinachoshikika, na wakati huo watu walikwisha kuanza kwenda kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo, ambako kijana mwenye kompyuta moja alijaza memori kadi nzima kwa bei ya soda. Stempu ya nyimbo zile ingebandikwa wapi?

Prodyuza ni nani

Katika mazingira hayo ndipo kilipotokea kizazi cha pili, na hapa neno prodyuza linahitaji kuelezwa, maana hutumika ovyo. Katika filamu, prodyuza hutafuta fedha. Katika muziki wa Tanzania prodyuza ni fundi: ndiye anayetengeneza mdundo, kupanga vyombo, kumwelekeza mwimbaji mbele ya kipaza sauti, kukata makosa, kusawazisha sauti na kutoa wimbo ulio tayari kwa redio. Majina kama Master Jay, P-Funk Majani na Bonny Luv yalijengwa kwa kazi hiyo katika Bongo Fleva, na kwa miaka mingi mwimbaji aliyetaka kutoka alilazimika kuwapigia hodi mafundi wa Dar es Salaam.

Kilichovunja utegemezi huo ni programu za kompyuta. Fruity Loops, iliyotolewa na kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji mwaka 1997 na baadaye kuitwa FL Studio, ilimwezesha mtu kupanga ngoma, besi na kinanda kwa kubofya vijiraba kwenye kioo. Nakala zake zilienea Afrika nzima, nyingi bila kulipiwa, jambo linalochekesha kidogo ukizingatia malalamiko ya wanamuziki kuhusu wizi. Chumba cha kulala, godoro lililoegemezwa ukutani kuzuia mwangwi, kompyuta moja na kipaza sauti kimoja vilitosha kuitwa studio.

Goodluck Gozbert ni mtoto wa zama hizo. Alikulia Mwanza, mji wenye kwaya nzito kama ya AIC Makongoro, na kabla ya kujulikana kama mwimbaji alijulikana kama fundi, kwa jina la Lollipop. Wimbo wa Basi Nenda wa Mo Music, uliotamba mwaka 2014 na ambao hauna uhusiano wowote na kanisa, ulipitia mikononi mwake. Kisha akaielekeza kazi yake kwenye Injili. Ipo Siku, Nibadilishe, Shukurani na Hauwezi Kushindana zikamfanya mmoja wa waimbaji wa Injili wanaosikilizwa zaidi nchini na nchi jirani, na video zake zikatazamwa mara mamilioni kwenye YouTube.

Ukimlinganisha na Rose Muhando, tofauti si ya kipaji. Rose alipanda kwa mwili na sauti, lakini ala zake zilikuwa mikononi mwa wengine. Gozbert alipanda akiwa tayari anaijua mashine. Mtu anayeweza kujirekodi mwenyewe hahitaji kumlipa fundi kwa kila wimbo, anaweza kuurudia mara hamsini usiku bila saa ya studio kukimbia, na muhimu zaidi, rekodi inayotoka ni yake. Hana wa kugawana naye isipokuwa aliyemwalika.

Pia anabeba sikio la nje ya kanisa. Nyimbo za Gozbert zimepangwa kama Bongo Fleva: utangulizi mfupi, kiitikio kinachorudi mapema, sauti iliyo karibu na msikilizaji. Wapo waumini wazee wanaosema huo si wimbo wa ibada. Hoja yao ina uzito kidogo, kwani wimbo wa namna hiyo si rahisi kuimbwa na mkutano wa watu mia tatu. Umetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye visikilizio masikioni. Lakini huyo msikilizaji mmoja ndiye aliyeko kwenye daladala, na ndiye aliyeko Likawage.

Njia hii haikugunduliwa Mwanza. Upande wa pili wa Bahari ya Atlantiki, katika visiwa vya Karibi, waimbaji wa Injili waliingia mapema katika midundo ya mitaani kwao. Papa San wa Jamaika alikuwa bingwa wa dansihoo kabla ya kuokoka mwaka 1997, akaendelea na mdundo uleule kwa maneno mapya. Sherwin Gardner wa Trinidad na Tobago ni mwimbaji na prodyuza kwa pamoja, kama Gozbert. Visiwa hivyo ni vidogo, wanunuzi ni wachache, na mwimbaji asiyejua kujirekodi hulipa gharama ambazo soko la nyumbani haliwezi kuzirudisha.

Wanaoingia na wanaotoka

Mlango kati ya Injili na muziki wa kidunia hufunguka pande zote mbili. Walter Chilambo alishinda shindano la Epiq Bongo Star Search mwaka 2012 na kuondoka na shilingi milioni 50, akaimba nyimbo za mapenzi, kisha akahamia Injili na huko ndiko jina lake liliposimama. Nchini Kenya mambo yamekwenda kinyume. Bahati, aliyelelewa katika kituo cha watoto Nairobi, alipata umaarufu kwa wimbo wa Mama mwaka 2013, akaanzisha lebo yake ya EMB Records, kisha akageukia nyimbo za mapenzi. Willy Paul, mwenzake wa kizazi hicho, alipita njia hiyohiyo.

Watu huwahukumu haraka wanaotoka. Inafaa kutazama hesabu zao kwanza. Mwimbaji wa kidunia akialikwa kwenye onyesho hutaja bei. Mwimbaji wa Injili akialikwa kanisani huambiwa ni huduma. Anapewa nauli, chakula, na bahasha ambayo kiasi chake kinategemea sadaka ya siku hiyo. Akitaja bei anaitwa mfanyabiashara wa Neno. Asipoitaja, kodi ya nyumba haimsubiri. Matamasha makubwa ya Pasaka yaliyoshamiri jijini katika miaka ya 2000 yalisaidia, kwa sababu tiketi ziliuzwa hadharani na kila mtu alijua kuna fedha, lakini Pasaka huja mara moja kwa mwaka.

Ukweli ni kwamba kanisa ndilo shule pekee ya muziki isiyolipiwa ada ambayo kijana wa Kitanzania anaweza kuipata karibu kila wilaya. Linamfundisha kusikia sauti ya pili na ya tatu, linampa kinanda cha kujifunzia na wasikilizaji kila Jumapili. Kwa hiyo linajiona lina haki juu yake. Yeye naye anaona amekwisha kulipa kwa kuimba miaka kumi bure. Mgogoro huu hautatuliwi kwa mahubiri.

Haki tatu ndani ya wimbo mmoja

Kinachoweza kuutatua, angalau kwa sehemu, ni kuelewa kwamba wimbo mmoja una mali zaidi ya moja ndani yake.

Ya kwanza ni ya mtunzi: maneno na tuni. Kwa sheria ya Tanzania haki hii hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Ya pili ni ya aliyeimba au kupiga chombo. Ya tatu ni ya rekodi yenyewe, yaani ile sauti iliyokamatwa siku fulani, na kwa kawaida hudaiwa na aliyegharamia kazi ya studio. Haki hizi zinaweza kuwa mikononi mwa mtu mmoja, kama inavyokuwa kwa mwimbaji aliye prodyuza wake mwenyewe, au zikatawanyika kwa watu ambao hawajawahi kukaa meza moja.

Chukua mfano wa kawaida kabisa. Mwalimu wa kwaya ametunga wimbo. Wanakwaya 25 wameuimba. Kanisa limechangisha fedha za studio. Fundi ametengeneza mdundo wote wa kinanda na hajalipwa nusu ya pili ya fedha zake. Mwimbaji mmoja ametamba katika ubeti wa pili, na ndiye watu wanayemkumbuka. Mwaka mmoja baadaye ameacha kwaya, ameurekodi upya wimbo ule kwa jina lake, na umeshika nchi. Nani mwizi?

Kisheria, mwalimu ana dai lisilopingika juu ya utunzi, ikiwa anaweza kuthibitisha kuwa ni wake. Kanisa lina dai juu ya rekodi ya kwanza, siyo ya pili. Fundi anadai kwa mdundo, kama aliupanga upya na haukuwa umeuzwa. Wanakwaya wana haki ya uimbaji wao katika rekodi ile ya kwanza. Mwimbaji anamiliki sauti yake na rekodi mpya, lakini hakuwa na ruhusa ya kutumia utunzi. Yote haya yangeweza kuandikwa kwenye karatasi moja siku ya kwanza studio. Mara nyingi hayaandikwi, kwa sababu kuandikiana ndani ya kanisa huonekana kama kutoaminiana.

Sahani ndogo ya mirabaha

Malipo ya muziki unaochezwa hadharani huitwa mirabaha. Kituo cha redio au televisheni, hoteli, basi na ukumbi hutakiwa kulipia matumizi hayo, na fedha hizo zigawiwe kwa wenye haki kulingana na ulivyochezwa wimbo. Kwa miaka mingi sehemu ya vituo vya utangazaji ilibaki kwenye karatasi. Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya kazi zilizopigwa redioni na kwenye televisheni, jumla zaidi ya shilingi milioni 300, kwa wasanii zaidi ya 1,000.

Ilikuwa hatua ya kihistoria, na waliokuwapo walipiga makofi. Lakini ukigawanya, wastani wake ni karibu shilingi laki tatu kwa msanii mmoja, na wastani huficha kwamba wachache walipata mamilioni na wengi fedha ya nauli. Asiyesajili kazi zake hakupata kitu, hata kama wimbo wake ulipigwa kila asubuhi.

Kwa wanaoimba sasa, chanzo kinachoonekana zaidi ni miito ya simu na YouTube. Miito ya simu hukatwa kwa mteja kidogokidogo, na mgawo hupita kwa kampuni ya simu na kampuni ya kati kabla ya kumfikia mwimbaji. Anayesaini mkataba bila kuuliza asilimia yake hujikuta na masalia. YouTube nayo haianzi kumgawia mwenye chaneli mapato ya matangazo ya kwenye video za kawaida hadi awe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au, tangu 2023, video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Aliyeko mbali na mji mara nyingi hukuta mtu mwingine amekwisha kuupandisha wimbo wake kwenye chaneli yenye wafuatiliaji laki moja, na matangazo yanamlipa huyo.

Nyundo ya msituni

Wananchi wa Kilwa wanaujua ugomvi wa namna hii kwa upande mwingine. Kwa miaka mingi mpingo wao ulikatwa na kuondoka, na vijiji vilibaki na visiki. Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 iliviruhusu vijiji kutenga misitu ya hifadhi ya kijiji, kuisimamia na kubaki na mapato yake. Shirika la kuhifadhi mpingo lenye makao yake Kilwa, lililotokana na utafiti ulioanza mwaka 1995, lilivisaidia vijiji kupima na kuandaa mipango, na mwaka 2009 misitu ya kwanza ilipata cheti cha FSC, kinachomthibitishia mnunuzi wa ng'ambo kwamba mbao zimevunwa kwa utaratibu. Likawage ni miongoni mwa vijiji vilivyoingia katika mpango huo.

Utaratibu wenyewe hauna siri. Mpaka wa msitu umechorwa kwenye ramani. Miti ya kuvunwa inahesabiwa kabla ya shoka. Gogo linapimwa kwa mita za ujazo, mnunuzi analipa kijiji, na gogo linagongwa nyundo yenye alama, ili popote litakapokutwa barabarani ijulikane limetoka wapi na kwamba limelipiwa.

Kwa wimbo, alama iliyo karibu na nyundo hiyo inaitwa ISRC. Ni namba ya herufi na tarakimu 12 inayopewa kila rekodi mara moja, nayo husafiri ndani ya faili kutoka studio hadi kwenye majukwaa ya kuuzia muziki mtandaoni, ili kila inapochezwa ihesabiwe kwa mwenyewe. Kampuni nyingi za kusambaza muziki mtandaoni huitoa wakati wa kupokea kazi. Usajili wa COSOTA hufanywa kando yake, kwa kuwasilisha wimbo, majina ya mtunzi, waimbaji na mwenye rekodi, na mgawo wa kila mmoja. Fundi wa chumbani aliyemaliza kusawazisha sauti saa nane usiku, akiwa na hamu ya kuurusha wimbo kwa marafiki kabla hakujapambazuka, bado ana fomu hiyo moja ya kujaza.